Je, Leza Itaondoa Alama za Mkorogo?

Mama mmoja wa Kanyenye, Tabora, alitushika mkono baada ya ibada ya akina mama, akatuomba tumsindikize hadi nyumbani kwake. Alikuwa amejitanda khanga hadi juu ya pua, ingawa jua lilikuwa limekwisha kuzama. Tulipofika alifunga mlango, akaishusha khanga. Mashavu yote mawili na paji la uso vilikuwa vyeusi, weusi wenye rangi ya bluu ndani yake, na juu ya mashavu palikuwa na vipele vidogo vigumu kama punje za ulezi.

"Dada zangu," alisema, "nimeambiwa Dar es Salaam kuna mashine ya mwanga. Wanaiita leza. Inasafisha yote haya. Fedha ninazo. Niambieni tu kama niende."

Fedha zenyewe zilikuwa fungu lake la VICOBA. Zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya nauli, godoro na sare za binti yake wa kwanza, aliyepangiwa shule ya bweni kidato cha tano. Mumewe alikuwa bado hajaambiwa lolote.

Tulimwahidi kwamba hatutamjibu kwa kubahatisha. Tulimwambia pia kwamba jibu tutaliandika katika ukurasa huu bila jina lake, maana si yeye peke yake anayeuliza.

Kwanza tumwelewe alivyofika hapo. Alipokuwa na mimba ya mtoto wa tatu, mabaka ya kahawia yalimtokea mashavuni. Wengi wetu tunayajua mabaka hayo. Mimba huyaleta, vidonge vya uzazi wa mpango huweza kuyaleta, na jua huyakoleza. Kwa baadhi ya wanawake hufifia baada ya kujifungua. Kwa wengine hubaki. Yake yalibaki. Siku moja, kwenye msiba upande wa wakwe zake, mtu mmoja alitania mbele ya watu kwamba bibi arusi wetu amezeeka kabla ya wakati. Watu walicheka, na mumewe naye akacheka. Wiki iliyofuata rafiki yake alimletea kopo la krimu iliyochanganywa, lisilo na maandishi yoyote.

Kwa miezi ya kwanza aling'aa. Hilo hatuna budi kulisema kwa uaminifu, kwa sababu tukisema mkorogo haufanyi kazi, binti zetu watatuona waongo. Unafanya kazi, na hapo ndipo ulipo mtego wake. Baada ya miaka sita ndipo uso ulipoanza kugeuka, na kila alipoongeza krimu, weusi ule ulizidi.

Kanyenye ni mtaa wa zamani. Burton na Speke walipofika Tabora mwaka 1857, wakati mji ukiitwa Kaze, walikuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga na kuishi. Misafara kutoka pwani ilipumzika hapa kabla ya kuendelea Ujiji au kugeuka kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Katika mizigo iliyobebwa mabegani mlikuwamo shanga, merikani, kaniki na waya wa shaba, na sehemu kubwa ya hivyo iliishia shingoni, kiunoni na miguuni mwa wanawake. Kwa hiyo tusijidai kwamba kutamani urembo uliotoka mbali ni ugonjwa wa siku hizi. Tofauti ni kwamba shanga ukiichoka unaivua.

Wala vita dhidi ya dawa za kujichubua si vipya. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyokataza sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Sketi zilirudi, mawigi yakarudi, na dawa nazo zikarudi. Sheria ya chakula, dawa na vipodozi ya mwaka 2003 iliweka vipodozi chini ya mamlaka iliyoitwa TFDA, na tangu mwaka 2019 kazi hiyo iko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni ni marufuku nchini. Hata hivyo kopo lilifika Kanyenye, tena bila kutafutwa sana.

Ndani ya mkorogo kwa kawaida kuna kimojawapo cha vitu vitatu, au vyote kwa pamoja. Cha kwanza ni zebaki. Hiyo haiishii kwenye ngozi. Huingia mwilini na kuumiza figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza habari za wagonjwa waliovimba mwili kwa sababu ya figo, na wengi wa wanawake kati yao walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha zenye zebaki. Mama anayenyonyesha na kulala na mtoto kitanda kimoja humgawia mtoto zebaki hiyo kwa mikono, kwa shuka na kwa hewa. Ukiona kopo limeandikwa "calomel", "mercuric" au "mercurous", au limekuonya usiguse nayo dhahabu na fedha, fahamu ni zebaki. Kopo lisilo na maandishi halikwambii kitu, na hilo peke yake litoshe kuliogopa.

Cha pili ni haidrokwinoni. Daktari wa ngozi anaweza kuitumia kwa kipimo kidogo na kwa miezi michache huku akimwangalia mgonjwa. Ikitumika kwa miaka, bila kipimo, chini ya jua kama la Tabora, baadhi ya watu hupata ule weusi wa bluu na vile vipele tulivyoviona. Madaktari huita hali hiyo okronosisi. Ilielezwa Afrika Kusini mwaka 1975 kwa wanawake waliotumia krimu kali za kung'arisha. Rangi hiyo haiko juu juu kama masizi kwenye sufuria. Imekaa ndani, chini ya tabaka la juu la ngozi, na ndiyo maana haisuguliki.

Cha tatu ni dawa za steroidi, zile zile anazotoa daktari kwa ukurutu. Ukizipaka mwili mzima kwa miaka, ngozi huwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Hupasuka, hutoa michirizi, na kidonda hakiponi upesi. Mama mjamzito mwenye ngozi ya namna hiyo akilazimika kufanyiwa upasuaji, daktari ana kazi ngumu kushona na mshono una kazi ngumu kushika. Tunawasihi akina mama wenye mimba: mwambieni mkunga ukweli. Hatawacheka, na hata akicheka, acheke akiwa anajua.

Sasa tuje kwenye leza.

Leza ni mwanga wa rangi moja tu, uliokusanywa ukawa na nguvu nyingi mahali padogo. Ya kwanza ilitengenezwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960, na miaka michache baadaye daktari wa ngozi Leon Goldman wa Cincinnati alianza kuijaribu kwenye ngozi. Mwaka 1983 madaktari wawili wa Boston, Anderson na Parrish, walieleza kanuni ambayo mashine nyingi za leo zinaifuata: mwanga hupita, ukikuta kitu chenye rangi inayoufaa humezwa na kugeuka joto, na joto hilo huharibu kitu hicho na kuacha jirani zake salama. Ukilenga mzizi wa unywele mweusi, mzizi unaungua. Ukilenga wino wa mchoro, wino unavunjika vipande na mwili unauondoa polepole.

Kanuni hii ni nzuri sana kwa mtu mweupe mwenye nywele nyeusi. Lakini sisi rangi tunayo mlangoni kabisa. Kile kinachoufanya unywele uwe mweusi, yaani melanini, ndicho hicho kilichojaa katika ngozi yetu yote. Mwanga unapoingia haujui kutofautisha baka na shavu, wala unywele na kidevu. Unageuka joto pale ulipoanza, na ngozi inaungua kabla lengo halijafikiwa. Baada ya kuungua, ngozi nyeusi hufanya moja kati ya mambo mawili: huacha doa jeusi zaidi ambalo huchukua miezi mingi kufifia, au hupoteza rangi na kubaki na baka jeupe, ambalo wakati mwingine halirudi tena. Kwa wale ambao kovu dogo tu la kutoboa sikio huvimba na kuwa uvimbe mgumu, hatari ni kubwa zaidi.

Inafaa mjue pia kwamba vipimo vya kugawa ngozi kwa kadiri zinavyoungua juani, ambavyo mafundi wa leza hupangia mashine zao, viliandaliwa na daktari Thomas Fitzpatrick wa Marekani mwaka 1975 kwa ajili ya watu weupe. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Si ubaya wa mtu, lakini inaonyesha ni nani aliyefikiriwa kwanza.

Je, basi leza haitufai kabisa? La hasha. Zipo mashine zenye mwanga mrefu zaidi, unaopenya chini bila kumezwa sana na rangi ya juu. Inayojulikana zaidi kwa ngozi nyeusi huitwa Nd:YAG, na mwanga wake hupimwa nanomita 1064. Mikononi mwa daktari aliyefundishwa, na kwa kupoza ngozi vizuri, imewasaidia wengi. Mama mwenye nywele ngumu za kidevuni, anayenyoa kila asubuhi kabla mume hajaamka na kubaki na vipele vya nywele zilizojikunja ndani, huyo anaweza kupata nafuu ya kweli. Tunajua hili ni jambo la aibu ambalo halisemwi hata mbele ya dada. Lakini hata kwake tungesema aanze hospitali na si kwenye mashine, maana nywele za kidevu zikiambatana na hedhi inayoruka au mimba isiyoshika, huenda ni habari za homoni na vifuko vya mayai, na hilo lina matibabu yake. Leza itaondoa nywele na kuuacha ugonjwa pale pale.

Michoro ya wino nayo huondolewa, kwa safari nyingi. Kama binti yako aliandika jina la mchumba begani na sasa anaolewa na mwingine, ajue kwamba kuliandika kulichukua saa moja na kulifuta kutachukua mwaka au zaidi. Baadhi ya makovu ya moto yaliyokaza pia hulainishwa kwa leza ya namna nyingine, inayotoboa ngozi kwa vitundu vidogo vidogo, ingawa kwa ngozi yetu hiyo inahitaji tahadhari kubwa kuliko zote.

Bali kwa mabaka ya mimba, leza si rafiki wa kutumainiwa. Mara nyingi yanafifia kwa muda kisha yanarudi, na wakati mwingine yanarudi meusi kuliko kwanza, kwa kuwa joto lenyewe limeamsha rangi. Na kwa weusi wa mkorogo, ule wa dada yetu wa Kanyenye, madaktari sehemu mbalimbali za dunia wamejaribu aina kadhaa za leza. Wapo wagonjwa waliopata nafuu, wapo ambao hawakupata, na wapo walioharibika zaidi. Hakuna mashine iliyothibitishwa kuusafisha wote. Mtu wa saluni anayekuambia kwamba ataufuta kwa siku moja hasemi kweli.

Kuna jambo lingine ambalo tangazo haliliweki wazi. Leza si safari moja. Huwa ni mara nne, mara sita, mara nane, kwa kupishana wiki kadhaa. Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Hesabu nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala, na siku ambazo biashara yako imefungwa, halafu zidisha mara sita. Fungu la VICOBA litaisha safari ya pili, na aliyeachia njiani hupata hasara mbili.

Kwa hiyo jibu letu kwake ni kwamba asiende. Asiende sasa, wala kwa fedha hizo.

Aanze kwa kuacha mkorogo, lakini asiuache kwa hasira ya siku moja akiwa peke yake. Ngozi iliyozoea steroidi ikinyimwa ghafla huwaka. Huwa nyekundu, huwasha, hutoa vipele, na mwanamke huamini kwamba kuacha ndiko kunakomharibu, akalirudia kopo. Wengi wamekwama hapo kwa miaka, si kwa sababu ya kiburi cha urembo kama tunavyowahukumu kanisani, bali kwa sababu ya maumivu. Daktari anaweza kumshusha polepole. Aanzie hospitali ya mkoa, Kitete, aombe kuchunguzwa ngozi, kupimwa mkojo kwa ajili ya figo, na kuandikiwa barua ya kwenda kwa bingwa wa ngozi. Bugando iko Mwanza, na Moshi kwenye hospitali ya KCMC kuna kituo kilichoanza mwaka 1992 kufundisha wataalamu wa ngozi kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika.

Kituo hicho cha Moshi kinatukumbusha jambo lililotunyamazisha tulipolitafakari. Hapo ndipo ilipoanza kutengenezwa losheni ya kuzuia jua iitwayo Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mama mwenye mtoto mwenye ualbino humwamsha asubuhi, humpaka mafuta hayo, humvika kofia na mikono mirefu, kisha hushinda na wasiwasi mpaka arudi shule, kwa sababu bila melanini jua la nchi hii huleta saratani ya ngozi kwa mtu angali kijana. Angetoa kila alicho nacho mwanawe apate kidogo tu cha kile ambacho sisi tunakisugua na kukimwaga na maji ya kuoga.

Hatusemi hivi ili kumwongezea dada yetu hatia. Anayo ya kutosha. Katika Wimbo Ulio Bora yumo msichana aliyewaeleza wenzake kwamba weusi wake umetokana na jua, kwa kuwa ndugu zake walimtuma kulinda mashamba ya mizabibu. Hakuomba radhi kwa rangi yake, bali alisema na uzuri wake hapo hapo. Tulimsomea sura hiyo jioni ile. Alisikiliza, kisha akasema, "Yule hakuwa na mawifi." Tukacheka wote watatu, na huo ndio wakati wa kwanza tulipomwona akicheka.

Jua ndilo dawa au sumu ya uso wake kuanzia sasa. Daktari ampe dawa yoyote, asipojikinga na jua ni kama kuchota maji kwa tenga. Hahitaji vitu vya ghali. Mwavuli, hata ule wa mvua, unatosha kwenda nao sokoni kiangazi. Watu watashangaa wiki moja, halafu watazoea. Kofia pana au khanga iliyotanguliza ukingo mbele ya paji la uso nayo inafaa. Akipata losheni ya kuzuia jua, ile yenye rangi ya udongo ndani yake inafaa zaidi kwa mabaka yetu, kwa kuwa huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao huyakoleza. Weusi ule utafifia polepole sana, pengine kwa miaka, na sehemu yake huenda ikabaki. Tulimwambia hivyo hivyo bila kumpamba.

Baadaye, siku moja, daktari wa ngozi aliyemtibu akishauri leza, hapo tutasema aende, ila aulize kabla ya kuvua khanga. Mashine hii ni ya aina gani, na umewahi kuitumia kwa mtu mweusi kama mimi? Nionyeshe. Wewe ni daktari au umeajiriwa kubonyeza? Utanijaribu kwanza mahali padogo, chini ya taya, kisha tusubiri wiki kadhaa tuone ngozi inajibu nini? Macho yangu utayafunika kwa nini? Jumla ya gharama zote ni kiasi gani, si ya leo tu? Na yeye amwambie daktari kila alichowahi kupaka, kila dawa anayomeza, na kama ana mimba, maana mwenye mimba anashauriwa kungoja hadi ajifungue.

Lililobaki ni mume. Tulimwuliza kwa nini hajamwambia. Alisema ataambiwa alijiharibu mwenyewe. Huenda. Lakini mwanamume huyo amelala kando ya uso huo kwa miaka sita. Si kwamba hauoni. Tena yeye alicheka siku ile msibani, na hilo linapaswa kusemwa kwa upole, mlango ukiwa umefungwa, watoto wakiwa wamelala. Binti naye aambiwe, kabla hajapanda basi la kwenda shule. Huko bwenini atakuta makopo, na ni heri awe ameuona uso wa mama yake bila khanga na kusikia kwa kinywa chake.

Tulipoaga alitaka kuyatupa makopo yake kwenye moto wa mkaa uliokuwa ukichemsha maharage. Tulimzuia. Zebaki ikipata moto huwa mvuke, na mvuke huo huvutwa na kila aliye jikoni. Ayafunge kwenye mfuko wa plastiki, mbali na watoto, na siku ya Kitete aende nayo yote. Daktari atataka kuyaona.